Kalibu Zilizozama Baharini: Bodi za Magari ya Kale Hutoka Wapi?

Wasomaji wa ukurasa huu mmenizoea nikiandika juu ya programu, seva na mitandao. Leo ni bati. Msiondoke bado! Hadithi ya bodi za magari ya kale inafanana sana na balaa ambalo kila mwandishi wa programu analijua: programu ipo, inafanya kazi, watu wanaipenda, lakini msimbo wake umepotea na kampuni iliyouandika ilishafungwa. Siku ikiharibika utafanya nini?

Watu wengi hudhani kazi ngumu katika kufufua gari la zamani ni injini. Sivyo. Injini ni mambo ya vipimo. Pistoni ina kipenyo, beringi ina namba, gasketi inakatwa kwa kufuata ile iliyochakaa, na ukikosa kipande kabisa fundi wa mashine ya kukereza atakichonga. Bodi ni jambo jingine. Chukua madigadi ya gari la miaka ya 1950, ile inayovimba juu ya tairi kisha ikalala taratibu kuelekea mlangoni. Hakuna namba moja wala kumi utakazomtajia fundi akakutengenezea. Umbo lake limejipinda pande mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo taabu yote inapoanzia.

Jaribu hivi hapo ulipo. Chukua karatasi uifunike juu ya kikombe kilicholala: inakunjika vizuri, kwa sababu kikombe kimejipinda upande mmoja tu. Sasa chukua karatasi hiyo hiyo uifunike juu ya bakuli lililopinduliwa. Inafanya mikunjo pembeni, hailali hata uifanyeje. Ili bati lilale juu ya bakuli, ni lazima katikati litanuke au pembeni lisinyae. Fundi wa bodi duniani kote, awe Italia au Gikomba, kazi yake ni hizo mbili tu: kutanua na kusinyaza. Wale mafundi wa jua kali pale Kamukunji wanaofua karai kwa nyundo wanafanya hesabu hii kila siku, masikio yao yakiwa yamezoea kelele, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba wanachofanya ni jiometri ngumu.

Haya, turudi nyuma kidogo.

Magari ya kwanza yalirithi bodi zake kutoka kwa magari ya farasi. Fundi seremala aliunda kiunzi cha mbao, mara nyingi za mti uitwao ash kwa kuwa ni mgumu na unapindika bila kuvunjika, kisha bati la chuma au alumini likapigiliwa juu yake. Ilikuwa kazi nzuri na ya polepole. Rangi peke yake ilichukua majuma, maana ilipakwa tabaka juu ya tabaka na kuachwa ikauke yenyewe. Huwezi kutia mbao kwenye tanuri.

Aliyevunja utaratibu huo ni Edward Budd wa Philadelphia, Marekani. Alianzisha kampuni yake mwaka 1912, na mhandisi wake mkuu alikuwa Joseph Ledwinka. Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: ondoa mbao, bodi yote iwe chuma, vipande vishindiliwe kwa mashine kubwa kisha vichomelewe pamoja. Mwaka 1914 ndugu wawili Dodge walikubali kuagiza bodi za namna hiyo kwa gari lao jipya, na faida zikaonekana upesi. Bodi ya chuma tupu iliweza kuingizwa kwenye tanuri, rangi ikakauka kwa saa badala ya majuma. Ufaransa, André Citroën alinunua haki ya kutumia mbinu za Budd na kuonyesha gari lake la chuma tupu mwaka 1924. Uingereza, William Morris alishirikiana na Budd mwaka 1926 kuanzisha kampuni ya Pressed Steel huko Cowley, karibu na Oxford. Likumbuke jina hilo.

Kitu kilichobadilika hapo si bati pekee. Kilichobadilika ni mahali ambapo umbo la gari lilihifadhiwa. Zamani umbo lilikaa mikononi mwa fundi na kwenye kiunzi chake cha mbao. Sasa likahamia kwenye kalibu: mapande mawili ya chuma, moja juu moja chini, yenye uzito wa tani kadhaa, yaliyochongwa yakapatana kabisa. Bati huwekwa katikati, mtambo unashindilia, na madigadi inatoka. Inayofuata ni sawasawa na iliyotangulia. Kalibu ndiyo msimbo. Gari unaloliona barabarani ni nakala tu.

Na kama ilivyo kwa msimbo, gharama yote iko mwanzoni. Kuchonga kalibu za gari zima ni pesa nyingi mno, kwa hiyo anayezichonga ni yule anayejua atauza magari maelfu kwa maelfu. Wadogo kama Ferrari na Aston Martin wa miaka ya 1950 waliendelea kufua kwa mkono. Hapa pana kinaya kizuri: kwa fundi hodari, bodi ya Ferrari ya 1955 inarudiwa kwa njia zile zile zilizoitengeneza, lakini bodi ya gari la kawaida lililouzwa kwa walimu na makarani inaweza kuwa ngumu zaidi, kwa sababu haikuwahi kutengenezwa na mkono. Ila pia usijaribu kung'oa mlango wa gari moja lililofuliwa kwa mkono uutie kwenye jingine la aina hiyo hiyo. Hautaingia. Hata upande wa kushoto na wa kulia wa gari moja hutofautiana.

Sasa, uzalishaji ukiisha, kalibu huenda wapi? Kwa muda hukaa, maana kampuni inahitaji kutoa vipuri. Kisha mhasibu mmoja anatazama lile ghala, anaona tani mia kadhaa za chuma kizuri zinazokula kodi ya jengo, na anapiga simu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndivyo ilivyokwisha kwa magari mengi. Kisa kinachonichekesha na kuniuma kwa pamoja ni cha DeLorean, lile gari la chuma kisichoshika kutu lililotumika kwenye filamu za *Back to the Future*. Kiwanda chake kilikuwa Dunmurry, karibu na Belfast, na kilikufa mwaka 1982 baada ya kutoa magari kama 9,000. Baadhi ya kalibu za bodi ziliishia baharini, pwani ya Galway huko Ireland, zikitumika kama nanga za nyavu za shamba la samaki. Hebu fikiria: msimbo wako wa thamani umegeuzwa jiwe la kuzuia mlango. Na DeLorean ndilo gari ambalo lingehitaji kalibu zake kuliko mengine, maana bodi haina rangi. Magari ya kawaida yakibonyea, fundi hunyoosha kiasi, anapaka filla, anasugua, anapuliza rangi na hakuna anayejua. Kwenye chuma kitupu huwezi kuficha kitu. Ama unyooshe mpaka pasionekane alama, ama utafute kipande kingine katika akiba iliyobaki.

Lakini kuna waliofika ghalani kabla ya mnunuzi wa chuma chakavu.

MGB ni gari dogo la michezo la Kiingereza lililotoka mwaka 1962. Tofauti na lile lililolitangulia, MGA, halikuwa na chesisi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Lilitengenezwa Abingdon, na zaidi ya 500,000 yalitoka kabla kiwanda hakijafungwa Oktoba 1980, wakati British Leyland ilipokuwa ikivuja fedha kila upande. Ulaya ya mvua na ya chumvi barabarani haina huruma na gari la namna hii. Kutu huanzia kwenye vizingiti vya chini ya milango, ndani, mahali usipopaona, na wakati unakiona kitundu nje huko ndani kumeshakwisha.

Nikae hapa kidogo, kwa sababu watu hupoteza magari hapa. Katika gari lenye chesisi, kizingiti kikioza umepoteza pambo. Katika gari lisilo na chesisi, na hasa lisilo na paa kama MGB ya wazi, vizingiti viwili na mfereji wa katikati ndivyo vinavyozuia gari lisikunjike kama kitabu. Fundi akikata kizingiti cha zamani bila kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, gari linalegea katikati milimita chache tu. Hutaona kitu. Kisha anachomelea kizingiti kipya, kizuri, na ule ulegevu anaufunga humo milele. Siku ya kurudisha milango ndipo mambo yanabainika: nafasi ya juu ni nyembamba, ya chini ni pana, na mlango haufungiki bila kuubamiza. Dawa yake ni kukata upya. Kwa hiyo kanuni ya mafundi wa magari haya ni kwamba mlango hufungwa na kufunguliwa wakati wote wa kazi, si mwishoni. Wanaopenda kufanya majaribio ya programu kabla ya kuiandika mtaelewana nao sana.

Basi, kufikia katikati ya miaka ya 1980, MGB nyingi zilikuwa na injini nzima na bodi iliyooza. Kampuni ya British Motor Heritage, iliyotokana na mabaki ya British Leyland, ilianza kutafuta kalibu. Nyingi zilikuwa bado zipo, zimesahauliwa. Zilizokosekana zikatengenezwa upya. Mwaka 1988, huko Faringdon, ikatangaza kitu ambacho hakijapata kuonekana: bodi mpya nzima ya MGB, iliyoshindiliwa kwa kalibu za asili, miaka minane baada ya gari lenyewe kufa. Unanunua bodi, unahamisha injini, magurudumu, viti na taa kutoka kwa gari lako lililooza, na unaendelea na safari. Baadaye zikafuata bodi za MG Midget na magari mengine.

Kilichotokea baada ya hapo kinanifurahisha zaidi. Rover, warithi wa kampuni ile ile iliyolizika gari hili, waliona bodi zinauzwa na wakashtuka kwamba kumbe MGB ina wapenzi hivyo. Mwaka 1992 wakatoa gari jipya, MG RV8, kwa msingi wa bodi hiyo ya Heritage, wakitia injini ya V8. Yalitoka karibu 2,000 kufikia 1995 na mengi yalipelekwa Japani. Yaani vipuri vilizaa gari, badala ya gari kuzaa vipuri.

Marekani nao walifuata njia inayofanana, ila wao hawakuokoa kalibu za zamani bali walichonga mpya, kwa kuwa Mustang ina wateja wa kutosha kulipia gharama. Mwaka 2011 Ford ilitoa idhini rasmi kwa bodi mpya ya Mustang ya wazi ya 1965. Pale ambapo wateja ni wachache kuna faiba. Ni nyepesi na rahisi, inamfaa anayetaka umbo tu, lakini mimi nikiigonga kwa kidole nikasikia mlio wa ndoo ya plastiki hamu inaniisha.

Wakenya mtaniuliza: na sisi je? Gari la kale linaloonekana zaidi vijijini mwetu si MG wala Mustang. Ni Land Rover, na historia ya bodi yake ni ya kipekee.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kiligawiwa kwa mgao, na Rover hawakuwa na pesa za kuchonga kalibu kubwa. Kwa hiyo walikwepa tatizo zima. Bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, ambayo haikuwa na uhaba, na mabati yakaachwa bapa au yenye kupindika upande mmoja tu. Kumbuka kikombe na bakuli: Land Rover ni kikombe. Hata chesisi haikuhitaji kalibu. Walikata vipande vya chuma, wakavichomelea pembeni kuunda boksi refu. Ule uso wa kibapa ambao leo watu wanauona kuwa na haiba ulitokana na umaskini wa wakati ule.

Matokeo yake ni kwamba fundi yeyote wa bati mwenye mashine ya kukunjia anaweza kutengeneza sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover ya zamani. Ndiyo sababu moja zimeishi muda mrefu hivi katika nchi ambazo vipuri havifiki kwa urahisi. Magari hayo yaliunganishwa hapa kwetu pia, kwenye kiwanda cha Leyland cha Thika kilichoanzishwa miaka ya 1970.

Lakini isiwe mnadhani ni mteremko. Mahali alumini inapogusana na chuma, na pakiingia maji, alumini huliwa ikabaki unga mweupe. Ni umeme mdogo wa kikemikali, kama ndani ya betri. Na kuna kipande kimoja ambacho Rover hawakuweza kukikwepa: ule ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, unaobeba milango, kioo cha mbele na usukani. Huo ni chuma kilichoshindiliwa, una mifereji inayoshika matope, na unaoza miguuni. Mtu akikuuzia Land Rover ya zamani, acha kuangalia rangi. Inua zulia, kama lipo, ubonyeze pembe za chini za ukuta huo kwa bisibisi.

Sasa tuseme gari lako si Land Rover, kalibu hazipo, na hakuna anayeuza kipande. Zamani ungezunguka masoko ya vipuri: Hershey huko Pennsylvania wamekuwa wakikusanyika tangu miaka ya 1950, na Beaulieu kusini mwa Uingereza tangu 1967, watu wakitembea matopeni wakiwa wameshika kipande kilichovunjika ili walinganishe. Ukikosa, unabaki na nyundo.

Fundi huanza na ule upande uliobaki mzima. Anachukua maumbo yake kwa karatasi ngumu kila sentimita kadhaa, anayageuza kushoto-kulia, na kuunda kiunzi cha mbao ambacho bati litapimwa juu yake. Chuma hutumika cha unene wa milimita 0.9 hadi 1.2 hivi. Analifua juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, linatoka limejaa mabonde kama barabara ya mtaa wangu, kisha analipitisha kati ya magurudumu mawili ya chuma, nenda rudi mara mamia, mpaka linyooke. Pembeni analisinyaza kwa kufanya mikunjo midogo kisha kuifua irudi ndani yake.

Alumini ina ujanja wake. Ukiifua sana hugeuka ngumu na kupasuka, hivyo ni lazima ipashwe moto ilainike tena. Tatizo ni kwamba alumini haibadiliki rangi ikipata joto kama chuma kinavyokuwa chekundu. Inakaa vile vile mpaka ghafla inayeyuka, karibu nyuzi 660 kwa alumini safi. Mafundi waligundua kipimajoto cha bei rahisi kabisa: sabuni ya mche. Unaipaka juu ya bati, unapitisha moto, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea unasimama. Joto limetosha.

Na leo kuna tarakilishi. Mwaka 1963 Jaguar ilipanga kutengeneza E-type 18 za mashindano zenye bodi ya alumini, ikatoa 12 tu. Mwaka 2014 iliamua kumalizia zile sita. Ilichukua gari la 12, ikalipima lote ndani na nje kwa miale, na hapo mashine ikathibitisha walichojua mafundi siku zote: pande mbili hazikulingana. Wahandisi wakachagua upande mmoja na kuugeuza kama kwenye kioo. Kwa hiyo zile sita mpya zimenyooka kuliko zile 12 za asili. Je, huo ni ukarabati wa makosa, au ni kufuta alama za mikono ya watu wa 1963? Mimi ningeliacha kosa mahali pake, lakini naelewa kwa nini mhandisi mikono ilimwasha.

Swali hilo linatufikisha kwenye jambo linalowagombanisha watu hadi mahakamani. Ukibadilisha bodi yote, gari ni lile lile? Kwetu namba ya chesisi imo kwenye logbook, na katika gari lisilo na chesisi namba hiyo imegongwa kwenye bati lile lile ambalo kutu inaweza kulila. Uingereza kwa miaka mingi ilitumia hesabu ya pointi: gari lililobadilishwa sana lilihitaji 8 ili libaki na usajili wake wa zamani. Bodi au chesisi ya asili, au mpya kutoka kwa mtengenezaji, ilitoa 5, na injini, ile ambayo sisi huiita moyo wa gari, ilitoa 1 tu.

Kesi maarufu kuliko zote ni ya Bentley iitwayo Old Number One. Ilishinda mbio za Le Mans mwaka 1929, ikashinda tena 1930. Mwaka 1932 ilipata ajali mbaya kwenye uwanja wa Brooklands na dereva wake, Clive Dunfee, akafa. Ikaundwa upya. Tayari ilikuwa imebadilishwa vipande vingi kati ya mbio na mbio, kama ilivyo desturi ya magari ya mashindano, na iliendelea kubadilishwa baadaye. Mwaka 1990 mwenye nayo, Ed Hubbard, alikubaliana kuiuza kwa kampuni ya Middlebridge kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akagutuka: gari hili halina karibu chochote kilichoshinda Le Mans, kwa hiyo si gari lenyewe. Wakaenda mahakama kuu, London.

Jaji Otton alisikiliza wataalamu wakichambua historia ya kila kipande, na ni kweli vilivyobaki vya 1929 na 1930 vilikuwa vichache mno. Hata hivyo alimpa ushindi Hubbard. Hoja yake ilikuwa kwamba gari hilo halikuwahi kukatika: kila badiliko lilifanywa juu ya gari lililokuwepo, na hakuna siku lilipokoma kuwapo kisha likaundwa jingine kwa jina lake. Tena hapakuwa na gari jingine popote linalodai kuwa ndilo. Kwa hiyo alisema jina ni lake kihalali, na mnunuzi akabaki na gari lake la milioni 10.